Ukurasa wa Kubeba

Katika kamusi kubwa ya Padri, neno la Kiingereza carry lilikuwa na ukurasa mzima na kipande cha ukurasa wa pili. Nililijua neno hilo tangu shule, na nilidhani nalijua vizuri. Kubeba, basi. Nilipomwona Padri anageuza ukurasa na neno bado halijaisha, nilikasirika kama mtu aliyeitwa kusaidia kuhamisha kiti akakuta nyumba nzima inahamishwa.

Enzi hizo Mwingereza alikuwa bado anatawala pande zote mbili za mpaka, nami nilikuwa karani wa misheni moja upande wa Kiyeyi. Padri alikuwa anatunga kitabu cha maneno: Kiingereza kushoto, Kiswahili katikati, Kidhopadhola, lugha ya wenyeji wa pale, kulia. Kiswahili nilikuwa nacho, kwa sababu nilizaliwa Sikuda na nikakulia sokoni Busia, ambako bila Kiswahili huuzi hata kitunguu. Kidhopadhola nilikuwa nacho nusunusu, kile cha kuolea tu, kwa kuwa mke wangu alitoka Iyolwa. Lugha yangu mwenyewe ni Lusamia, na hiyo Padri hakuitaka. Alisema itapata kitabu chake siku nyingine. Haikupata.

Kila Jumatatu alfajiri nilipanda baiskeli kutoka Sikuda mpaka misheni, nikalala huko juma zima, nikarudi nyumbani Jumamosi. Mke wangu alibaki kwa wazazi wangu akilima ulezi, tunaouita wimbi, na muhogo, na binti yetu mgongoni. Mtoto alikuwa na miezi kumi na mitatu na hakuwa ametembea bado. Mama yangu alisema ni mvivu kama baba yake, maana kazi ya kukaa kwenye kiti hakuihesabu kuwa kazi. Mimi niliiona kuwa kazi kubwa kupita zote. Nilikuwa na kalamu mfukoni mwa shati, watu waliniita Karani hata kanisani, na niliitika kabla hawajamaliza kuita.

Padri alitakiwa kwenda likizo Ulaya mvua zikiisha, na alitaka tufike mbali kabla hajaondoka. Herufi mbili za kwanza zilitumalizia miezi mitatu. Jumanne moja ndipo tukaingia herufi ya tatu, na mapema tu tukakwama kwenye hilo neno carry. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Jirani yetu wa Sikuda, aliyekuwa anakwenda kwa ndugu zake Kiyeyi, akasimama chini ya veranda akavua kofia. Akaniambia mke wangu anasema mtoto ana homa tangu jana na hanyonyi. Anasema uje na baiskeli.

Nataka niseme sawasawa hapa. Nilisikia vizuri. Hakuna aliyenificha kitu, na Padri hakunizuia. Hata aliniuliza kuna shida gani, nikajibu hakuna shida. Nilimuuliza jirani kama mtoto analia. Akasema analia sana. Nikajiambia mtoto anayelia ana nguvu, nikamwagiza akirudi awaambie nyumbani wampe majani machungu na kwamba nitakuja Jumamosi kama kawaida. Kisha nikarudi kwenye kiti changu. Siku hiyo kwa neno hilo moja tuliandika maneno matatu ya Kiswahili: beba, chukua, peleka. Niliyaandika kwa mwandiko mzuri sana.

Mke wangu alingoja baiskeli mpaka Jumatano asubuhi. Haikuja. Akamfunga mtoto mgongoni akatoka Sikuda kwa miguu kwenda hospitali ya Tororo, katika mvua, na ule mwamba wa Tororo uko mbele yake njia nzima wala hausogei. Alifika jioni. Mtoto alichomwa sindano, akalazwa siku mbili, akapona. Ijumaa wakaruhusiwa. Pale penye njia panda, mkono huu kurudi Sikuda kwangu, mkono huu kwenda Iyolwa kwa mama yake, akashika njia ya Iyolwa. Mambo haya niliyapata vipandevipande kwa watu. Yeye mwenyewe hajawahi kunisimulia yote mpaka leo.

Jumamosi nilikuta mlango wa nyumba yangu umefungwa kwa kamba. Mama alikuwa uani anapepeta wimbi na hakugeuka kunitazama. Aliniambia habari yote akiwa amenipa mgongo, akamaliza, akaendelea kupepeta. Nikaikimbiza baiskeli mpaka Tororo. Mhudumu wa hospitali akaniambia wametoka jana, na mtoto ananyonya vizuri. Nilimshukuru Mungu pale pale mlangoni, nikalia kidogo, nikajipangusa. Kutoka pale Iyolwa si mbali. Ningekwenda ningefika kabla jua halijazama. Nikaigeuza baiskeli nikarudi Sikuda.

Sababu ni hii. Kwetu na kwao, mwanamke akirudi kwa mama yake kwa kukosewa, mume haendi tu kumchukua kama mtu aliyesahau mwavuli. Huenda na mzee wa upande wa baba yake. Wanakaa nje, mume anaambiwa kosa lake mbele ya watu, naye analikubali kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi sikutaka kuambiwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na nilikwisha kujiona kuwa mtu wa kalamu, si mtu wa kukalishwa kwenye kigoda na kuhojiwa na vikongwe. Basi nikaandika barua.

Ilikuwa barua ya kurasa mbili, kwa Kiswahili kizuri kuliko kile cha soko la Busia. Nilimwita mke wangu mpenzi. Nilimweleza kwamba kitabu cha maneno ni jambo kubwa, kwamba Padri ananitegemea, kwamba kazi yangu ni nzito na yeye anajua. Mwisho nikamwambia arudi mara apatapo barua hii. Mke wangu hakujua kusoma, lakini katekista wa Iyolwa alijua, na nilitumaini atamwita pembeni amsomee. Kwa kujivuna nikaitia katika bahasha ya misheni yenye mhuri.

Bahasha yenye mhuri, katika makanisa yote madogo ya misheni ile, ilikuwa na maana moja tu: matangazo. Zilikuja habari za ubatizo, za ziara ya Padri, za kufagia uwanja. Katekista alizifungua Jumapili baada ya sala akazisoma kwa sauti, watu wote wameketi. Yangu akaifungua hivyohivyo. Sikumlaumu hata siku moja, alikuwa mtu mwaminifu. Alipofika kwenye mke wangu mpenzi alishangaa, lakini akaendelea, maana alidhani mbele litakuja tangazo lenyewe. Akasoma kurasa zote mbili analitafuta. Mke wangu alikuwa upande wa wanawake, mtoto kwenye mapaja.

Habari ilinifikia Jumanne, kwa mama mmoja wa Iyolwa aliyekuja misheni kuchukua dawa, akanitazama, akaziba mdomo kwa upindo wa nguo. Baadaye niliambiwa kwamba vijana wa kule walikuwa wanaambiana kila wanapopewa jembe: kazi yangu ni nzito, na wewe unajua. Nilitamani ardhi ipasuke. Kutoka Iyolwa hakukuja jibu, wala sikutuma neno lingine. Mwezi ukapita, na wa pili. Jumamosi nilikwenda nyumbani nikala chakula cha mama yangu, ambaye aliniwekea sahani bila kusema karibu.

Sasa Padri, ambaye hakujua lolote kati ya hayo, alikuwa na dukuduku lake. Ule ukurasa wa neno carry ulimkera. Alisema haiwezekani watu wanaobeba vitu kutwa kucha wawe na maneno matatu tu. Akauliza kanisani nani anajua maneno ya ndani, ya kale, ya kazi. Watu wakamtajia mwanamke mmoja mjane, mfinyanzi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anatembea na vyungu kichwani mpaka masoko ya Tororo na Busia, anajua Kidhopadhola mpaka mizizi na Kiswahili cha kuuzia. Padri akatuma aitwe. Mimi nilikuja kujua ni nani nilipoona upindo wa nguo yake langoni, nikaruka dirisha la stoo nikatokea nyuma ya jikoni. Alikuwa mama mkwe wangu.

Mgeni wa huku atacheka, lakini sisi hatukuwa na mchezo na jambo hilo. Mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawakai chumba kimoja, hawapeani mikono, wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani, na kwa kawaida ni yule mwenye miguu myepesi. Si uadui, ni heshima, na heshima hiyo ndiyo inayolinda nyumba. Nilimweleza Padri kwamba haiwezekani. Padri akasema elimu haina wakwe. Nikamwambia elimu yake labda haina, lakini mimi nikikaa mbele ya mama yule hakuna mtu wa Iyolwa wala Sikuda atakayekula nyumbani kwangu. Tukavutana siku nzima. Mwisho akatundika mkeka wa mafunjo katikati ya veranda. Mama upande mmoja, mimi na meza yangu upande mwingine, na yeye Padri akakaa kwenye ncha ya mkeka, mahali ambapo peke yake alituona wote wawili.

Hata hivyo mama hakusema nami. Alisema na ukuta, yaani ule mkeka, na mimi nilijibu kama ukuta. Ndivyo inavyoruhusiwa. Mimi nilisoma maana ya Kiingereza, nikaieleza kwa Kiswahili, yeye akatoa neno lao, kisha sentensi ya mfano, kwa sababu Padri hakukubali neno lisilo na mfano. Maneno yenyewe ya Kidhopadhola sitayaweka hapa, kwani baada ya miaka hii yote naogopa kuyakosea na yeye hayupo wa kunisahihisha.

Siku ya kwanza yalikuwa mambo ya vyungu. Niligundua kwamba hata Kiswahili changu nilikuwa nimekifungia ndani. Yeye akitoa neno la kumwinulia mwenzio mzigo mpaka kichwani, mimi nikakumbuka tuna kutwika. Akitoa la kujiinulia peke yako, nikakumbuka kujitwika. Akaeleza ile pete ya majani ambayo chungu hukalia kichwani, nikaandika ngata, neno ambalo sikuwa nimelitamka tangu nilipoanza kuvaa viatu. Kuna kubeba begani kwa mti, mzigo huku na mzigo huku. Kuna kutia kwapani, kuna kufutika kiunoni, kuna kusomba, yaani kubeba kidogokidogo ukirudia njia ileile mpaka rundo liishe. Padri alikuwa anafurahi kama mtoto. Mimi nilikuwa naandika na huku natoka jasho, nangoja aseme neno juu ya binti yake. Hakusema. Siku ya pili pia hakusema.

Siku ya tatu tulifika kwenye watoto. Kuna kupakata, mtoto akiwa mapajani. Kuna kueleka, mtoto akiwa mgongoni au kiunoni na miguu imekumbatia. Akatoa neno lao la kubeba mtoto mgongoni, na Padri akauliza mfano. Mama akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili ukuta usikie bila kukosea:

“Andika. Mama nabeba mutoto mugongo. Mutoto nacheka.”

Nikaandika. Akasema kuna mfano wa pili.

“Andika. Mama nabeba mutoto mugongo. Mutoto nagonjwa, njia mrefu, mvua nanyesha.”

Padri akasema huo haufai, neno ni lilelile, mfano mmoja unatosha. Mama akamjibu kwa adabu kwamba ni kweli neno ni lilelile, lakini mgongo haukubali kwamba ni kubeba kulekule. Mtoto mzima hukushika shingo akajibeba nusu. Mtoto mgonjwa huachilia, uzito wote ukawa wako, na unatembea unamsikiliza kama bado anapumua. Akauliza, karani ataandika au hataandika? Padri akanitazama mimi. Nikaandika. Mstari huo ulitoka vibaya kuliko yote katika ukurasa.

Baada ya hapo mifano yake yote ilikuwa ya aina hiyo, bila hasira, bila kutaja jina. Mtu anabeba nguo za mtoto, nguo zimelowa. Mtu anabeba mtoto, anaona watu wa baiskeli wanampita. Kwa kila mfano nilijifunza kipande cha ile safari ya Jumatano. Nilijua sasa kwamba mke wangu alipumzika mara tatu tu. Nilijua kwamba mtu mmoja alimpakia kwenye baiskeli yake kipande cha njia, mtu asiyemjua, na kwamba alipomshusha alimuuliza kama mtoto hana baba. Nilitaka kuinuka niondoke. Lakini karani haondoki kabla ya ukurasa kwisha, na kwa mara ya kwanza kazi ile ilinifunga mahali nilipostahili kufungwa.

Ikabaki ile sehemu ya mwisho ya kamusi, maana za Kiingereza ambazo kwetu si kubeba kabisa. Nikamweleza mama kwamba Waingereza husema sauti inabeba ikisikika mbali, husema mtu amejibeba vizuri akiwa na mwenendo mwema, na mtu akishinda katika shauri husema amelibeba. Kila nilipoeleza alitoa neno jingine la kwao, neno lenye kazi yake, halina uhusiano na mzigo. Kisha akamuuliza Padri kwa nini wao hulitumia neno moja kwa mambo yote hayo. Padri akasema ndivyo lugha ilivyo. Mama akafikiri. Akasema labda ni kwa sababu kwao mwenye kitabu na mwenye mzigo ni watu wawili. Mtu asiyebeba, neno moja linamtosha.

Padri alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Nilijua yeye Padri amepigwa na upepo tu wa jiwe lile la maneno, na jiwe lenyewe limenipata mimi. Mimi niliyezaliwa na watu wa ngata na mbeleko ndiye nilikuwa nimekaa pale na maneno matatu.

Siku ya mwisho, Padri alipokwenda kuitikia kengele ya kanisa, tulibaki wawili, mkeka katikati. Nikasikia anakusanya vitu vyake. Nilijua akiondoka hivi sitapata nafasi nyingine. Yeye ndiye aliyeanza.

“Hii ukuta nasikia?”

Nikasema ukuta unasikia, mama.

“Basi ukuta ambie baba ya mutoto. Barua hapana miguu. Mutu iko na miguu.”

Akajitwika mzigo wake peke yake. Nilimsikia anauinua, na sikuweza hata kwenda kumtwika, kwa ajili ya heshima ileile. Nilibaki nimeshika kalamu. Niliona aibu, na pia, sijui niseme vipi, nilishukuru kwamba kuna mtu bado ananiita baba wa mtoto.

Jumamosi hiyo nilikwenda kwa baba mdogo, ndugu wa baba yangu, nikamwomba anipeleke Iyolwa. Akaniuliza nimechelewa wapi miezi yote hiyo. Nikasema nilikuwa naona haya. Akasema haya nayo ina kipimo, akachukua fimbo yake. Tulikwenda kwa miguu, baiskeli naikokota, kwa sababu yeye hakuwahi kupanda kitu hicho na hakutaka kuanza siku ya kazi nzito. Alipotamka hayo maneno mawili, kazi nzito, nilimtazama usoni kuona kama ananitania. Alikuwa ananitania.

Tulikalishwa nje, kwenye vigoda. Wazee wawili wa ukoo wao walikuwapo, na wanawake kadhaa, na mama mkwe alikuwa ndani ya nyumba mahali pasipoonekana, mlango umerudishwa nusu ili asikie. Mke wangu alitoka akapiga magoti akamsalimu baba mdogo vizuri kabisa, kisha akanisalimu mimi kama mtu anayemsalimu mtoza kodi. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, na Kiswahili kizuri, na Kidhopadhola cha kutosha. Wazee wakasema hawataki kusikia maneno yangu kwanza. Wanataka mke aulize, mimi nijibu.

Aliuliza swali moja tu. Kwamba yule jirani alipofika pale misheni na kuniambia mtoto hanyonyi, mimi nilikuwa nafanya nini.

Ningeweza kusema nilikuwa na kazi ya Padri. Ningeweza kusema sikuelewa kama homa ni kali. Nilitazama ule mlango uliorudishwa nusu, nikajua ndani yake kuna mtu anayejua jibu.

“Nilikuwa naandika,” nikasema. “Nilikuwa naandika neno kubeba.”

Nilitegemea watacheka, kama walivyoicheka barua. Hakuna aliyecheka. Baba mdogo aliinamisha kichwa akawa anachora chini kwa fimbo. Mzee mmoja akaniuliza kama nililimaliza neno lenyewe. Nikasema hapana, sikulimaliza, nililiandika vibaya, na mtoto wangu nilimwacha abebwe na mama yake peke yake katika mvua hali baiskeli yangu imeegeshwa pale ukutani. Nikasema nimekosa. Sikuongeza neno. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nipate kalamu kwamba nilisema jambo bila kuliongezea.

Wazee wakatoka kando wakanong'ona. Kisha wakasema chakula kiletwe, na hapo nilijua kwamba kwao limekwisha. Tuliletewa kuku na ugali wa wimbi. Mke wangu alininawisha mikono bila kunitazama. Nilipokuwa nakula, mtoto akatokea nyuma ya nyumba. Anatembea. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Alikuja ameshika ukuta kwanza, kisha akauachia, tumbo mbele, akaja mpaka katikati ya uwanja akasimama kututazama wageni. Niliacha tonge. Nilimwita, nikanyoosha mikono yote miwili. Akanitazama kwa muda mrefu, akageuka, akakimbilia kwa mama yake, akajificha katika nguo yake. Nilikuwa mtu wa Jumamosi tu hata kabla ya yote haya, na Jumamosi zenyewe zilikuwa zimekatika kwa zaidi ya miezi miwili.

Tuliondoka jua likiwa limepungua ukali. Vitu vyake vyote nilivifunga kwenye baiskeli, keria ya nyuma ikajaa mpaka nikawa naisukuma kama ng'ombe mgonjwa. Baba mdogo alitangulia mbali, kwa makusudi nadhani. Mke wangu alitembea nyuma yangu na mtoto mgongoni. Tulipofika kwenye kinamasi, mahali ambapo njia inazama maji mpaka magoti, nilivusha baiskeli kwanza, nikarudi. Nikamwomba anipe mtoto nimvushe mimi. Nikainama, nikampa mgongo wangu, mtu mzima na suruali ya karani imekunjwa mapajani, na watu wanapita.

Alifungua mbeleko. Akamweka mtoto mgongoni mwangu, akaanza kufunga. Mtoto alikaa kimya kama pumzi mbili. Kisha akajua si mgongo anaoujua. Akapiga yowe, akajinyoosha mwili wote kinyumenyume, mikono inamtafuta mama yake. Nilibembeleza kwa Lusamia, kwa Kiswahili, kwa kile Kidhopadhola changu cha kuolea. Haikusaidia. Mke wangu akamtoa, akamrudisha mgongoni kwake, na kilio kikakatika palepale. Alifunga fundo kifuani, akalikaza, akaingia majini mbele yangu. Nilibaki nimeinama.

Katikati ya maji alisimama, akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kunitazama machoni.

“Mpe muda,” akasema. “Hata mimi bado.”